Masaa Matatu Mpaka Iqaluit

Ottawa, Jumatano

Kwako mpwa wangu Ooleepeeka, ninayekuita mama kwa kuwa umebeba jina la mama yetu aliyetuzaa,

Pokea salamu za kujaza sleji mbili za theluji, mbwa wakazivuta ulimi nje. Hujambo wewe? Huyo aliyemo tumboni hajambo, au bado anakupiga mateke kama mtu anayetafuta mlango? Na mumeo Jaypootie, pikipiki yake ya theluji imepona kikohozi? Mwambie asiipeleke kwa fundi yeyote, anisubiri. Ile injini naijua mimi. Niliwahi kuitengeneza katikati ya barafu kwa waya na kijiko cha chai, ikakimbia kuliko ilipokuwa mpya, mpaka mwenyewe nikaiogopa. Mimi mjomba wako ni mzima. Watu wa huku wakinitazama barabarani wanadhani ni kijana wa miaka thelathini, na siwakosoi, maana si adabu kumkosoa mtu kwenye mji wake.

Najua habari unayoitaka ni ya mama yako. Nitaifikia. Usiruke mistari, mama, soma nilivyopanga.

Barua hii anakuletea Simeonie wa Pangnirtung, ninayelala naye chumba kimoja hapa kwenye nyumba ya wagonjwa wa kaskazini. Kesho anapita Iqaluit akielekea kwao, zamu yake ya kusindikiza imekwisha. Nimemwambia akupe wewe mkononi, asimwachie Jaypootie wala jirani. Utauliza kwa nini mjomba ameandika na simu ipo. Kuna maneno hayasemeki kwenye simu iliyo kando ya kitanda cha mgonjwa mwenye masikio. Halafu kuandika kwangu si kazi ngeni. Nilifika darasa la sita, na ningefika la saba kama mwalimu asingepanda ndege ya Krismasi akasahau kurudi. Alikuwa akisema hajaona mwandiko kama wangu, na sikumuuliza ana maana gani.

Huyu Simeonie ni mtu mwema ila ni mbishi. Wiki ile tuliyofika, mimi nikiwa msindikizaji wa mama yako na yeye msindikizaji wa bibi yake Natsiapik, tulikaa sakafuni tumezunguka kadibodi, tunakata nyama ya sili iliyoganda ambayo mgonjwa mpya alikuja nayo kutoka nyumbani. Tukaanza kubishana ni mbali kiasi gani kutoka hapa mpaka Iqaluit. Nikasema ni kilomita elfu mbili na mia, masaa matatu kwa ndege, kwisha. Yeye akasema masaa matatu na dakika kumi. Nikamwambia hizo dakika kumi ni zako wewe, za kuhangaika na mkanda wa kiti. Akasema hapana, mzee, kwenda kaskazini ndege inapanda, kurudi inateremka, ndiyo maana kurudi ni haraka. Nikamuuliza inapanda mlima gani. Akasema kaangalie ramani, kaskazini si iko juu? Watu walicheka mpaka nyama ikaanza kuyeyuka.

Bibi Natsiapik ndiye aliyetunyamazisha. Alisema nyie watoto mnagombania dakika, zamani safari ilihesabiwa kwa kulala. Unaambiwa kule ni kulala mara mbili, kule mara tano, hali ya hewa ikichafuka unaongeza. Akasema yeye alichukuliwa utotoni na meli ya wagonjwa wa kifua, na kutoka huku mpaka nyumbani ilikuwa kulala miaka minne, na siku aliyorudi alimsalimia mama yake kwa Kiingereza, mama yake akageuka kuangalia nani kaingia.

Nikaona kikao kinapoa, nikawapa kile kisa changu cha kushindana na ndege. Unakijua, lakini Simeonie alikuwa hajakisikia. Nikawaambia jinsi nilivyoipanga pikipiki yangu sambamba na njia ya kurukia pale Iqaluit, rubani akanipungia mkono, tukaondoka pamoja, na mimi nikawa mbele, wazi kabisa, abiria wote mashahidi, mpaka ndege ilipofanya udanganyifu wa kuruka. Mama yako alikuwa kwenye kochi na mpira wake wa oksijeni puani. Akasema, we Lucassie, mwaka huo pikipiki yako haikuwa na injini, ulikuwa unaikalia nje ya nyumba unavuta sigara. Walinicheka siku mbili. Nakuandikia haya ujue kwamba wiki ile alikuwa bado anaweza kumkata mtu maneno, na sauti yake ilikuwa inafika mlangoni.

Sasa sikiliza. Madaktari walipomaliza kupiga picha zao walitukalisha wakatuambia kansa imeshakula pafu moja na la pili imelianza, na dawa hazitarudisha kitu, zitampunguzia maumivu tu. Nilitafsiri neno kwa neno, sikuongeza hata moja, na unajua kwangu hilo ni gumu. Mama yako akaniambia, mdogo wangu, sikatai kufa. Nakataa kufa mahali penye miti. Akasema huku mtu haoni mbali, haoni hali ya hewa ikija, haoni nani anamjia. Alikuwa anamfikiria shangazi yetu, yule aliyepakiwa kwenye meli kama Natsiapik, ila yeye hakurudi, na mpaka leo hatujui walimfukia wapi. Mama yetu alikuwa anamwekea kipande cha nyama ukingoni mwa kadibodi kila tulipokula, mpaka alipozeeka.

Akasema anachotaka ni kimoja. Afike nyumbani, wewe uushike mkono wake uuweke juu ya tumbo lako, amsikie mjukuu akigeuka. Baada ya hapo Mungu afanye atakalo.

Nikamwambia hilo tu? Masaa matatu, dada. Mimi nimeshawahi kukaa kwenye tundu la barafu kumsubiri sili masaa kumi na manne bila kukohoa wala kupepesa, mpaka kunguru akatua kichwani akadhani ni jiwe. Masaa matatu ya kukalia kiti laini, na wanakuletea biskuti? Nikamwahidi. Jumamosi utakuwa kwa mama, nikamwambia, naye alijua nina maana ya wewe, kwani hata yeye hakuiti jina lingine.

Lakini ndege haimpakii mgonjwa wa hali ile bila daktari kusaini karatasi kwamba anaweza kuhimili. Daktari wetu ni binti mdogo, mpole, ana macho ya mtu asiyelala. Akanieleza kwamba kule juu ndani ya ndege hewa ni nyembamba, mtu mzima haihisi, mtu mwenye robo ya mapafu anaihisi kila dakika. Kwa hiyo atamuuliza maswali, na mimi nitafsiri kwa uaminifu. Nikamjibu kwamba kwetu mimi ndiye wanayeniita wakati wa uaminifu.

Swali la kwanza: anaweza kutembea kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kusimama kuvuta pumzi? Nikatafsiri. Mama yako akakunja pua. Wewe unajua, mimi najua, mtoto wa kwetu wa miaka miwili anajua: hapana. Daktari akaitazama ile pua, kisha akanitazama mimi. Nikamwambia anasema anaweza, ila harufu ya dawa zenu inamkera. Daktari akaomba radhi, akaenda kufungua dirisha. Swali la pili: anaweza kulala chali bila kukosa pumzi? Pua ikakunjwa. Nikasema dirisha halijasaidia. Hapo mama yako akataka kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamshika mpaka machozi yakamtoka, nami nikamweleza daktari kwamba ndivyo tunavyocheka kwetu. Karatasi ikasainiwa. Tulipotoka aliniambia, mwongo we, leo Mungu amekupa kazi inayokufaa.

Nilitembea kifua mbele siku tatu, mama, nikimsimulia kila aliyenipa sikio.

Jumamosi tukapanda. Ndege ilijaa watu wetu, kila mtu na maboksi ya kuku wa kukaanga wa kupelekea watoto na nepi za kutosha kijiji. Nilimweka mama yako dirishani, mtungi wake mdogo wa oksijeni miguuni. Saa ya kwanza alikuwa vizuri, alikunywa chai nusu kikombe. Miti ilipoanza kupungua chini, halafu ikawa mmoja mmoja, halafu ikaisha kabisa na nchi ikafunguka nyeupe, akaushika mkono wangu, akauacha humo. Saa ya pili midomo yake ikaanza kuwa samawati. Mhudumu akaja akainama kuuliza kama mama ni mzima. Nikasema ni rangi ya jamu aliyokula.

Saa ya tatu rubani akatangaza kwamba Iqaluit kuna dhoruba ya theluji iliyokuja ghafla, haoni njia, atazunguka kidogo. Unakumbuka ile dhoruba. Tukazunguka. Watu ambao walikuwa wanapiga kelele tangu Ottawa wakawa wanatazama magoti yao. Mama yako akauliza mbona jua linahama kutoka upande huu kwenda ule. Nikamwambia rubani ni mgeni, anatafuta mlango. Akajaribu kushuka. Tukaingia ndani ya weupe, nikasikia magurudumu yakitoka, nikasema moyoni tayari. Kisha injini zikanguruma tukarushwa juu tena. Akajaribu mara ya pili, vilevile. Uliniambia kwenye simu kwamba mlikuwa ndani ya uwanja mnasubiri na mkatusikia, ngurumo ikapita juu ya paa, watu wote wakatazama dari, na wewe ukainuka ukasogea mlangoni. Tulikuwa hapo juu yako, mama. Mtu wa kupiga kelele angesikika, lau si upepo.

Rubani akasema mafuta hayamruhusu kuendelea, anarudi Ottawa. Mimi nilisimama. Nikamwambia mhudumu amweleze rubani anipishe nimwonyeshe, mimi nimeingiza boti kwenye ghuba ile nikiwa nimefumba macho, naijua kwa harufu. Yule binti akanishika bega akasema, baba, tafadhali, keti ufunge mkanda. Nikaketi. Hiyo sehemu sijamsimulia mtu na sitaisimulia.

Kurudi, Simeonie alisema kweli, ni haraka. Mimi sikuiona hiyo haraka. Mtungi ulikuwa umepimwa kwa masaa matatu na ziada kidogo, na ziada tuliimaliza tukizunguka. Mhudumu alileta mtungi wa ndege, nao ukasaidia kiasi. Mama yako alifumba macho, kichwa chake kikaniegemea. Nikawa nahesabu pumzi zake, kila akichelewa na mimi nasimama naye. Miti ilirudi chini mmoja mmoja, halafu mingi. Nilivuta pazia la dirisha.

Tulipotua, gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri. Wakamshusha kwa kiti cha magurudumu, na mlango ulipofunguliwa baridi ikaingia, na theluji kidogo, kwani hata hapa siku ile ilikuwa inaanguka. Ikamgusa shavuni. Akafumbua macho. Akauliza, tumefika?

Nikasema tumefika.

Akauliza, nyumbani? Nikasema nyumbani, dada. Akasikiliza kidogo, akasema upepo umetulia. Nikamwambia umetulia sasa hivi, ulitupisha. Akatabasamu, Ooleepeeka. Tangu tulipokuwa watoto sijamwona akitabasamu vile, meno yote, kama mtu aliyeshinda kwenye mchezo.

Hapa ndipo nilipotaka kukufikisha, na ndiyo maana ya barua yote hii. Mama yako anadhani yuko Iqaluit. Ni siku ya tano leo anadhani hivyo. Mimi ndiye niliyemwambia.

Sikukusudia liende mbali. Nilidhani ataamka kesho yake aone mwenyewe, nimwombe radhi, anitukane, tuendelee. Lakini zile dawa za maumivu zimemtia ukungu machoni, na hospitali ya kwetu nayo manesi wengi si watu wa huku huku? Kwa hiyo aliwaona walewale, akasikia Kiingereza kilekile, hakushangaa. Nilifunga pazia asione miti. Simeonie alipokuja kumtazama nilimwahi mlangoni nikamnong'oneza, na yule mbishi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakubisha. Alirudi nje akachota theluji akajipaka mabegani, akaingia akikung'uta viatu, akasema barabara ya uwanja wa ndege imefunikwa tena, manispaa wamelala. Bibi Natsiapik naye huletwa kila mchana akakaa kando ya kitanda akishona, akimpa umbea wa watu wa kwetu kana kwamba amewapita asubuhi. Watu wa ile nyumba wamekuwa wakileta vipande vya sili kwenye mfuko, wanasema Jaypootie alipata jana. Mama yako anaonja kwa ncha ya ulimi, anasema amejifunza kuwinda, mumewe mama. Chumba kizima kinanuka kwetu. Nesi mmoja alikuja akakunja pua, mama yako akaniuliza, anakataa nini huyu?

Nikajiona nimefanya kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuzifanya, na sikumtambia mtu.

Lakini akaanza kukuulizia. Kila akizinduka anauliza, mama yuko wapi. Manesi wananishika mkono kwa huruma, wanasema wagonjwa wakikaribia mwisho huwaita mama zao waliokufa, usishtuke. Nimechoka kuwaeleza kwamba hajachanganyikiwa, anamtaja binti yake. Siku ya kwanza nikamwambia umekuja alipokuwa amelala. Akanilaumu kwa nini sikumwamsha. Siku ya pili nikamwambia kuna mafua wodini na wajawazito wamekatazwa kuingia. Akakubali, akasema ni vizuri, walinde mtoto. Siku ya tatu akasema kama ni mafua, si aje asimame nje ya dirisha, avue kofia nimwone. Nikasema pazia limekwama. Mimi, Lucassie, mtu niliyewaaminisha watu wazima kwamba nimezungushwa na dubu kibandani mpaka dubu akashikwa na kizunguzungu, nikasema pazia limekwama.

Jana hakuuliza. Nilidhani amesahau, nikashukuru. Mchana akamwambia Natsiapik, si mimi, akamwambia Natsiapik kwa sauti ndogo, kwamba kutoka nyumbani kwa binti yake mpaka hospitali ni sigara moja, huwezi hata kuimaliza. Na hajaja. Akasema labda ni kwa sababu mwaka jana alisema vibaya kuhusu Jaypootie. Akasema hakujua kuwa neno lile lilimwingia mtoto hivyo. Natsiapik alinitazama, akakunja alichokuwa anashona, akaomba arudishwe kwenye ile nyumba ya wagonjwa.

Kwa hiyo ndivyo nilivyofanya, mama. Alitaka kufika kwako, sikuweza kumfikisha, nikamwambia amefika, na sasa yuko ng'ambo ya barabara na mtoto wake hataki kuvuka. Alipojijua yuko Ottawa alikuwa mbali nawe kilomita elfu mbili lakini hakuwa na shaka nawe hata siku moja.

Na wewe umekuwa ukipiga. Kila ukipiga nimesema amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa ananitazama nikiongea, na nikikata simu akiuliza ni nani nasema ni watu wa ile nyumba wanauliza nitakula saa ngapi. Najua umeshaanza kunichukia, nimesikia kwenye sauti yako jana, ulipotaja jina langu bila kusema mjomba. Una haki.

Daktari naye alinikalisha. Alisema masaa yale sita yamemaliza kilichokuwa kimebaki. Hawezi kupanda ndege tena, hata kwa nesi na mtungi mkubwa, hatavuka hata saa ya kwanza. Akasema ni siku, labda wiki, wiki ikiwa na bahati. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, kama siku ile ya maswali nilitafsiri sawasawa. Nilimkunjia pua. Akaenda akafungua dirisha.

Wewe huwezi kuja. Wamekukataza ndege mpaka ujifungue, na usithubutu kuwaongopea. Katika familia hii aliyetosha kuongopea madaktari ni mmoja. Hali ya hewa tangu Jumapili ni nzuri ajabu, Simeonie ananiambia ndege zimetua kwenu kila siku bila hata kutikisika, na jua limewaka. Sijui nimwambie nani maneno haya, nimekuandikia wewe.

Nimetafuta uongo wa kunitoa hapa. Nimetembea kando ya ule mfereji wao ulioganda, watu wanateleza juu yake na watoto wao, nikatafuta kama mtu anayetafuta risasi iliyodondoka kwenye theluji. Sikupata. Ziko njia mbili tu na zote zinapita kwako. Unaweza kumpigia ukamwambia uko nje, uko ng'ambo ya barabara, unaliona dirisha lake, humkasirikii, mafua ndiyo yanakuzuia, ukaweka simu kwenye tumbo lako asikilize. Atafia nyumbani, anavyojua yeye, lakini ataendelea kujiuliza kwa nini mtu aliye karibu vile hafiki. Au unaweza kumwambia kweli. Kwamba ndege haikutua, kwamba ulisimama mlangoni ukaisikia ikipita, kwamba yuko kwenye miti na mimi ndiye niliyemdanganya. Hapo atajua hukumkataa. Ila atajua yuko wapi. Moja itabidi alipoteze, nyumbani au wewe, na mimi nimekaa na hilo siku mbili siwezi kumchagulia. Nikuombe lipi? Ukichagua lolote sitalisema vibaya, wala hutasikia mtu akilisema vibaya mbele yangu.

Akiniuliza mimi, nitasema ulichosema wewe. Hiyo tu ndiyo ahadi niliyobaki nayo ya kukupa.

Bibi Natsiapik anakusalimu, amekushonea mtoto soksi za ngozi, Simeonie anazo pamoja na barua. Nisalimie Jaypootie, mwambie mama yako alisifu nyama yake, hata kama hakuiwinda. Wasalimie wanaoniulizia, na wale wasioniulizia waambie nipo. Ukijifungua, mtu anipigie kabla ya yeyote, wa kike au wa kiume.

Simeonie anaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo utakuwa umeisoma hii Alhamisi mchana. Simu nimeihamisha nimeiweka upande wa kulia wa kitanda, kwenye mkono anaouweza bado. Kuanzia Ijumaa ikilia nitatoka chumbani. Ataipokea mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako,
Lucassie